Chati ya mto ije na msimbo wake

Andika readNWISdv("09380000", "00060") katika R, ile lugha ya kompyuta inayopendwa na wanatakwimu, ukiwa umeshapakia kifurushi, yaani mkusanyiko wa amri zilizoandaliwa tayari, kiitwacho dataRetrieval. Subiri sekunde chache. Linakuja jedwali lenye zaidi ya mistari 35,000, kila mstari siku moja: wastani wa maji yaliyopita Lees Ferry, jimboni Arizona, kwenye Mto Colorado, kuanzia Oktoba 1921. Hukulipa kitu, hukuandika barua ya maombi, wala hukumsubiri afisa arudi kutoka mkutanoni. Namba ya kwanza ni ya kituo cha kupimia. Ya pili ni ya kinachopimwa, yaani mtiririko wa maji kwa futi za ujazo kwa sekunde.

Naanza na kituo hiki kwa sababu historia yake inauma. Novemba 1922, mwaka mmoja tu baada ya kumbukumbu zake kuanza, wajumbe wa majimbo saba walikutana karibu na Santa Fe, New Mexico, mwenyekiti wao akiwa Herbert Hoover, waziri wa biashara aliyekuja kuwa rais, wakagawana mto. Majimbo ya juu yakapewa ekari-futi milioni 7.5 kwa mwaka, ya chini milioni 7.5. Ekari-futi moja ni maji ya kufunika ekari nzima kwa kina cha futi moja. Mwaka 1944 Meksiko nayo ikaahidiwa milioni 1.5. Mahesabu ya wakati ule yaliegemea miaka ambayo mto ulikuwa umejaa kuliko kawaida yake, na mtaalamu wa maji wa serikali, E. C. LaRue, alionya kwamba maji hayatatosha ahadi. Hakusikilizwa. Mwaka 1976 Charles Stockton na Gordon Jacoby, wakisoma pete za miti ya bonde hilo, ambazo huonyesha miaka ya mvua na ya ukame, walikadiria kuwa wastani wa muda mrefu ni kama milioni 13.5. Jumlisha ahadi mwenyewe uone zinavyozidi.

Sidai kwamba kompyuta ingewaokoa wajumbe wale. Kumbukumbu za maji zilikuwa fupi, na siasa zilikuwa na haraka yake. Ninachokiona ni kwamba mkulima wa Arizona au mhariri wa gazeti la Denver hakuwa na njia ya kuzichukua takwimu zilezile, kurudia hesabu, na kusimama hadharani kusema haziendani na ahadi. Leo njia hiyo ipo. Kanuni za muda za mwaka 2007, zinazoongoza matumizi ya Powell na Mead, maziwa makubwa ya mabwawa ya mto huo, wakati wa uhaba, zinafikia ukomo wake mwaka 2026, na majimbo yaleyale saba yamekuwa yakivutana juu ya kitakachofuata. Safari hii kila anayetaka kuhoji anaweza kuanza na mstari mmoja wa msimbo, yaani amri ya kompyuta kama ile ya mwanzo.

Ndiyo maana nasisitiza jambo ambalo wengi hulichukulia kuwa la mafundi tu. Takwimu za maji hazijawa za umma kwa kuwekwa kwenye tovuti. Zinakuwa za umma pale njia iliyotumika kuzichukua, kuzichuja na kuzijumlisha inapowekwa wazi pia, mtu mwingine aipite hatua kwa hatua.

Tukumbuke kwanza kwamba kabla ya msimbo kuna mtu amesimama mtoni. Taasisi ya Jiolojia ya Marekani, USGS, ilifungua kituo chake cha kwanza cha kupima mtiririko huko Embudo, kwenye Mto Rio Grande, mwaka 1889, enzi za mkurugenzi John Wesley Powell, na hapo ndipo wapimaji wake wa kwanza walipofunzwa. Sasa vituo vya mitoni vinazidi 8,000. Kihisi hupima kimo cha maji, mara nyingi kila baada ya dakika 15, na namba hupaa hadi kwenye setilaiti kabla ya kushuka kwenye seva. Lakini kimo si mtiririko. Ili kujua ni maji kiasi gani yanapita, wapimaji huenda kituoni tena na tena, wakati wa kiangazi na wakati wa mafuriko, wakapima kasi na kina kutoka ukingo hadi ukingo, kisha wakachora mkunjo unaohusisha kimo na mtiririko. Mafuriko yakichimba kitanda cha mto, mkunjo unahama na kazi inaanza upya. Kwa hiyo hata ile namba moja ya siku moja tayari ina uamuzi wa mtu ndani yake.

Kifurushi cha dataRetrieval kilikua pamoja na kingine kiitwacho EGRET, kazi ya Robert Hirsch, aliyewahi kuwa mkuu wa sayansi ya maji wa USGS, na Laura De Cicco. Walihitaji kuchambua mwelekeo wa ubora wa maji ya mito kwa miongo mingi, na hakuna anayeweza kufanya hivyo kwa kupakua faili moja moja. Kuna ndugu yake kwa ajili ya Python, lugha nyingine ya kompyuta, jina lake dataretrieval, kwa herufi ndogo zote. R yenyewe ilianzishwa na Ross Ihaka na Robert Gentleman katika Chuo Kikuu cha Auckland, Nyuzilandi, na tangu 1995 ni programu huria: unaitumia bure, unaifungua ndani, unaibadilisha. Ukiweka hayo pamoja na sheria ya hakimiliki ya Marekani, ambayo kifungu chake cha 105 kinasema kazi za serikali ya shirikisho hazina hakimiliki nchini humo, unapata mnyororo ambao hakuna pingu mahali popote, kuanzia kihisi hadi chati. Hali hiyo ni adimu.

Wapo watakaosema tovuti yenye vitufe inatosha. Kwa anayetaka kujua mto uko wapi leo kabla ya kwenda kuvua samaki, inatosha kabisa, na isiguswe. Tatizo linaanza kwa mchambuzi. Nimewahi kuifanya kazi hii kwa mkono: chagua jimbo, chagua kituo, weka tarehe, pakua, fungua faili, futa mistari ya maelezo ya juu, nakili, bandika, rudia kwa vituo arobaini. Programu ya majedwali inaikuta namba 09380000, inadhani ni namba ya kawaida, inakata sifuri ya mbele, na kituo kinabaki 9380000 ambacho hakipo popote. Sifuri ile ina maana. Tarakimu mbili za mwanzo huonyesha ni eneo gani kubwa la mito, na 09 ni bonde la Colorado. Mwezi mmoja baadaye mtu anauliza kwa nini kituo cha kumi na saba kina pengo la miezi mitatu, na hakuna anayekumbuka kama pengo lilikuwa mtoni au kwenye kunakili.

Msimbo unakumbuka. Umeandika kituo gani kilichukuliwa, kipimo gani, kuanzia lini hadi lini, nini kiliondolewa na kwa sharti gani. Ni kama stakabadhi ya duka: bidhaa ni ileile, ila sasa unaweza kurudi nayo.

Hata hivyo urahisi huo una hatari yake, na hapa nataka kukaa kidogo, maana ndipo ninapowaona watu makini wakiteleza.

Chora jedwali la Lees Ferry. Kwa miaka ya mwanzo utaona mto unapanda kila mwaka theluji ya milimani inapoyeyuka, kisha unashuka. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 vilele vinakatika, kama mtu aliyepitisha kisu. Asiyejua ataandika kuhusu mabadiliko ya tabianchi. Kilichotokea ni kwamba Machi 1963 Bwawa la Glen Canyon, takriban maili 15 juu ya kituo, lilianza kujazwa. Jedwali halina safu inayosema bwawa. Kihisi hakina habari na bwawa. Kinapima maji yanayopita mbele yake.

Halafu kuna herufi ndogo ambazo wengi huzifuta kwa sababu zinaharibu sura ya jedwali. Karibu na kila namba ya USGS kuna alama: A kwa namba iliyokwisha kukaguliwa na kuidhinishwa, P kwa ya muda. Ya muda ina maana kihisi kimetuma, lakini hakuna aliyekaa chini akaangalia kama barafu ilisukuma maji juu, au gogo lilikwama mbele ya bomba la kipimo. Namba hizo zinaweza kusahihishwa miezi kadhaa baadaye. Hivyo watu wawili wenye msimbo uleule, mmoja akiuendesha Machi na mwingine Novemba, wanaweza kupata majibu tofauti na wote wakawa wakweli. Tarehe ya kuchukua data ni sehemu ya data. Na usisahau saa: vipimo vya kila dakika 15 kifurushi hiki hukupa kwa saa za dunia, UTC, kama hukukiagiza vinginevyo, na mafuriko ya jioni Texas yanaonekana kutokea kesho yake.

Kwenye ubora wa maji ndiko kuna miiba mikali. Kuna ghala la pamoja linaloitwa Water Quality Portal, linaloendeshwa na USGS na Shirika la Kulinda Mazingira, EPA, likikusanya matokeo ya zaidi ya mashirika 400 ya shirikisho, majimbo, makabila na wenyeji. Ni hazina kubwa. Lakini kila shirika lilikuwa na kalamu yake. Chukua nitrati. Maabara moja hupima uzito wa nitrojeni peke yake. Nyingine hupima nitrati nzima, pamoja na oksijeni yake. Tofauti ni mara 4.43. Kikomo cha EPA kwa maji ya kunywa ni miligramu 10 kwa lita, ikihesabiwa nitrojeni, na kipo hasa kuwalinda watoto wachanga, ambao nitrati nyingi huwanyima oksijeni katika damu. Ukikuta namba 30 iliyoandikwa kama nitrati nzima, hiyo ni chini ya 7 kwa hesabu ya nitrojeni: maji yako ndani ya kikomo. Ukidhani ni nitrojeni, umetangaza hatari mara tatu ya kikomo na kuwatia mama wenye watoto wachanga hofu bure. Ukikosea kwa upande mwingine, umewaambia wanywe.

Lori Sprague na wenzake wa USGS waliwahi kupitia karibu rekodi milioni 25 za virutubisho kama nitrojeni na fosforasi, kutoka mashirika mamia. Katika makala yao ya 2017 waliripoti kwamba rekodi milioni 14.5 zilikosa, au ziliandika kwa utata, angalau moja ya taarifa za msingi: sampuli ilichujwa au la, kemikali imeandikwa kwa umbo gani, kipimo ni kipi. Zaidi ya nusu! Mtu alivaa buti, akaingia mtoni, akajaza chupa, maabara ikalipwa, kisha neno moja halikuandikwa na kazi yote ikabaki nusu bubu.

Na kuna namba ambazo hazipo. Maabara isipoiona kemikali haiandiki sifuri; inaandika kwamba iko chini ya kiwango ambacho mashine inaweza kukitambua. Kwenye jedwali sehemu ya namba inabaki tupu, na maelezo yanakaa safu nyingine mbali kulia, ambako macho hayafiki. Mchambuzi mwenye haraka akifuta mistari mitupu, anabaki na sampuli chafu peke yake, na mto unaonekana mchafu kuliko ulivyo. Akiweka sifuri, mto unakuwa safi kuliko ulivyo. Na kwa kuwa mashine za leo zinaona kidogo zaidi kuliko za 1980, anaweza kuchora mteremko mzuri wa uchafuzi unaopungua, wakati kilichobadilika ni jicho la maabara. Zipo njia sahihi za kitakwimu za kushughulikia jambo hili, na zimo kwenye vifurushi huria vilevile. Lakini lazima kwanza mtu ajue kwamba kuna uamuzi wa kufanya. Nikiletewa chati bila msimbo, siwezi kujua alifuta, aliweka sifuri, au alifanya ipasavyo.

Vifurushi hivi vyenyewe ni miundombinu, na ninasema hivyo kwa uzito uleule ninaousemea mtambo wa kusukuma maji. Machi 2024 USGS ilibadilisha namna inavyotoa matokeo ya sampuli za ubora wa maji, na njia ya zamani ikaacha kupokea matokeo yake mapya. Msimbo wa zamani haukutoa kelele yoyote. Uliendelea kukimbia na kurudisha jedwali zuri lililoishia Machi. Mchambuzi asiyefuatilia angedhani wapimaji wamelala. Tangu hapo taasisi hiyo imekuwa ikihamishia data yake yote kwenye huduma mpya za mtandaoni, na amri kama ile niliyoanza nayo zinapisha nyingine zenye majina mapya, kama read_waterdata_daily. Kuhama huko kuna sababu nzuri, mifumo ya zamani ilikuwa imechoka. Ila kati ya seva inayobadilika na maelfu ya misimbo ya watu iliyoandikwa kwa miaka, wamesimama wataalamu wachache wanaorekebisha kifurushi, wanaoandika mifano, wanaojibu swali lilelile kwa mara ya hamsini. Bajeti zikikatwa, ni rahisi kuona kituo kilichofungwa ukingoni mwa mto. Mtunzaji wa kifurushi akiondoka hakuna anayeona, mpaka siku jedwali linaporudi tupu, au baya zaidi, linaporudi na namba zilizopitwa na wakati.

Upo pia mpaka wa hazina hii, na anayeitumia aujue. Inajua mito, visima, maziwa. Haijui bomba la nyumbani kwako. Flint, Michigan, iliacha kununua maji ya Detroit na kuanza kutumia Mto Flint Aprili 2014, maji yasiyowekewa dawa ya kuzuia kutu, na madini ya risasi yakamomonyoka kutoka kwenye mabomba hadi kwenye vikombe vya watoto. Hakuna amri ya R ambayo ingekuonyesha hilo kwenye vipimo vya mto. Waliolionyesha ni wakazi waliochukua sampuli jikoni mwao, timu ya Marc Edwards wa Virginia Tech iliyozipima na kuyaweka matokeo hadharani, na daktari Mona Hanna-Attisha aliyefungua kumbukumbu za damu za watoto mwaka 2015. Mji ulirudi kwenye maji ya Detroit Oktoba mwaka huo.

Lakini somo la Flint ninalolirudia kila nikiandika msimbo linahusu jedwali dogo sana. Katika upimaji rasmi wa nusu ya kwanza ya 2015 zilikusanywa sampuli 71 za bombani. Sheria ya wakati ule ilisema: panga sampuli kuanzia ndogo hadi kubwa, tazama iliyo kwenye nafasi ya asilimia 90 ya safu hiyo, na ikizidi sehemu 15 kwa bilioni za risasi, lazima hatua zichukuliwe na wananchi waambiwe. Kwa sampuli zote 71, kikomo kilivukwa. Idara ya mazingira ya jimbo iliagiza mbili kati ya zile za juu ziondolewe, ikatoa sababu zake za kiufundi, na kwa 69 zilizobaki kikomo hakikuvukwa.

Msimbo haumzuii mtu kuondoa sampuli. Wakati mwingine kuondoa ni sahihi. Lakini kwenye msimbo uliochapishwa, kuondoa ni mstari ulioandikwa, una tarehe, una jina la aliyeuweka, na mzazi wa Flint mwenye mtoto anayekunywa maji hayo angeweza kumpa mpwa wake aliye chuoni aufute mstari huo mmoja, aendeshe upya, aone 15 ikipitwa palepale jikoni.